Inalia Ikiwa Tupu

Mdogo wangu aliponitumia ile sauti kwenye WhatsApp, nilikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana karibu na ofisi, Nairobi. Sekunde 41. Nikabandika simu sikioni. Nilisikia upepo, injini ya dizeli, mtu akipumua, halafu yeye mwenyewe akisema, "Hiyo hapo, dada. Umeiskia? Hiyo tena." Nikairudia mara tatu. Sikusikia kitu. Nikamwandikia: "Sasa hii nayo ni ngapi?"

Hakujibu hadi jioni. Alipojibu aliandika tu, "Sijaomba pesa."

Hiyo ilikuwa Februari. Kufikia siku hiyo kelele ya pikapu yetu ilikuwa imenigharimu shilingi 19,700, na ninajua kwa sababu niliandika kila kitu. Nina daftari la mistari, lile la watoto wa shule, na kwenye jalada nimeandika GARI kwa herufi kubwa. Shoki mbili za nyuma, 9,000. Bushi za springi, 4,500. Raba za kushikilia ekzosti pamoja na kuchomelea, 1,700. Fundi, 2,500. Fundi tena, 2,000. Mbele ya kila mstari nimeandika maneno mawili aliyoniambia kwenye simu baada ya kila matengenezo: bado inalia.

Mtu akikuambia mara tano kwamba ametengeneza kitu na kitu hakitengenezeki, unaanza kuwaza. Mimi kazi yangu ni uhasibu. Nalipwa kukagua risiti za watu wengine na kuuliza maswali wasiyoyapenda. Risiti za mdogo wangu zilikuwa vikaratasi vilivyochanwa, vingine havina hata tarehe. Ofisini ningezirudisha siku hiyo hiyo.

*

Kwetu ni milimani, juu ya Wundanyi, huko Taita. Ukungu wa asubuhi ni wetu, kabichi na nyanya na hoho ni zetu, lakini bei haikuwa yetu. Baba aliuzia mboga madalali waliofika shambani na magari yao, na wengine walitaja bei wakiwa bado wameshika usukani, hata kushuka hawakushuka. Baba alipofariki, mimi na mdogo wangu tulikaa jikoni kwa mama tukapiga hesabu. Tukiwa na gari letu wenyewe, mzigo ungefika Kongowea, Mombasa, bila mtu wa katikati.

Mwaka 2021 nikachukua mkopo wa sacco, miezi 48, tukanunua pikapu kuukuu ya dizeli. Mlango mmoja wa rangi yake, mwingine wa rangi ya gari lingine. Makubaliano yalikuwa mepesi: mimi nalipa mkopo, yeye anaendesha, kila Jumapili ananitumia sehemu yangu kwa M-Pesa. Kwa mwaka mzima yalifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Vizuri hadi nikaingiwa na tamaa. Nikasema, kama inabeba hivi, inaweza kubeba zaidi. Nikatuma pesa springi za nyuma ziongezwe, chuma mbili kila upande, na kweli ikainuka mkia kama kuku anayetaka kuruka. Mzigo ukaongezeka.

Miezi michache baadaye ndipo kelele ikaanza.

Desemba nilishuka Voi kwa treni nikiwa na watoto wawili, masanduku, mchele, na ile mizigo mingine ambayo mtu wa Nairobi hawezi kwenda nyumbani bila. Mdogo wangu alikuja kutupokea akiwa na mama, shangazi na binamu zetu. Tukapanda sote. Kutoka Voi hadi Mwatate, kisha tukaanza kupanda zile kona za kwenda Wundanyi, nilikuwa nimetega sikio kama mtu anayesubiri mwizi. Kimya. Injini tu, na watoto wakiimba huko nyuma.

"Mbona hailii?" nikamuuliza.

"Leo imenyamaza."

"Imenyamaza kwa sababu mimi niko?"

Shangazi akacheka. Yeye hakucheka. Alikaza macho barabarani.

Usiku ule mama aliniambia, bila kuulizwa, "Mimi hiyo kelele naijua. Usiku ikifika kwenye kona ya kanisa naisikia, najua amerudi, ndiyo nalala." Nikachukulia ni mama anayemtetea kitinda mimba wake. Mama zetu wote ni mawakili wa vitinda mimba.

*

Acha niseme wazi kilichonipeleka nyumbani Aprili. Sikuenda kutafuta kelele. Nilikuwa nimepata mnunuzi. Mwanamume mmoja wa Athi River alikuwa ameona picha za gari, akataja bei ambayo ingemaliza mkopo na kubakisha kitu kidogo. Nilipanga kufika, kukaa siku mbili, kuchukua funguo na logibuku, na kumweleza mdogo wangu tukiwa na mama ili asipandishe sauti. Sentensi zenyewe nilikuwa nimezipanga kwenye treni.

Alinipokea Voi peke yake. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Dada, kesho jioni napeleka kabichi. Taniboi ni mgonjwa. Twende wote. Lakini turudi wote pia, usishukie Voi."

Nikakubali. Nilijiambia ni safari ya mwisho, acha nimwone akifanya kazi.

Tuliondoka giza likiingia, kabichi zimepangwa hadi juu, turubai limefungwa kwa kamba. Hadi Mombasa ni mwendo wa karibu kilomita 200 kutoka kwetu, nyingi zikiwa kwenye ile barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, ambako malori ya makontena hupishana usiku kucha kama siafu. Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu. Nilikuwa sijawahi kupita hapo usiku nikiwa chini namna ile, taa za lori zikiwa usawa wa uso wangu. Redio ilikuwa imezimwa. Nikanyoosha mkono niiwashe, akanizuia.

"Siwashangi siku hizi. Nataka kusikia gari."

Miezi saba alikuwa akiendesha bila redio. Hilo sikuwa nimeliandika kwenye daftari.

Gari lenyewe, lakini, lilikuwa kimya. Mwenendo mzito, thabiti, kama mtu aliyeshiba. Mariakani, Mazeras, tukateremka hadi mjini, na alfajiri tukawa Kongowea katikati ya mikokoteni na wabebaji na akina mama walioamka kabla ya jogoo. Nikamtazama akiuza. Ana ulimi mtamu ambao nyumbani hatuujui. Saa nne asubuhi mzigo ulikuwa umeisha. Akafagia majani ya kabichi, akakunja turubai akalitia nyuma ya kiti, tukanywa chai na mahamri, tukaanza kurudi.

Nilisinzia. Kilichoniamsha sijui kama kilikuwa shimo au kelele yenyewe. Tulikuwa tumeshaiacha Mariakani nyuma, kwenye kipande cha lami kilichojaa viraka.

Kra-ka-ka-ka. Kimya. Kra-ka-ka-ka-ngo.

Ilitoka nyuma, upande wa kulia, kama mtu aliye chini ya gari akitikisa debe la misumari, na mwisho wake ule mgongo mmoja mzito uliofika hadi kwenye uti wangu. Nikamtazama mdogo wangu. Hakunitazama.

"Hiyo hapo, dada," akasema.

Nilimwuliza mbona hakuniambia kwamba inalia ikiwa tupu. Akafikiri kidogo. "Mimi nikiwa nayo peke yangu ni tupu kila saa. Sikujua ni hiyo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenda Mombasa ana mzigo. Kuja kunipokea mimi ana mama, shangazi, masanduku. Gari lililia wakati mmoja tu, akirudi usiku bila mzigo, bila taniboi mara nyingine, na hakuna mtu mwingine wa kulisikia ila mama, kitandani, kwenye kona ya kanisa.

*

Asubuhi iliyofuata tulishuka hadi Mwatate kwa fundi mmoja mzee ambaye gereji yake ni mwarobaini, jeki mbili na kipande cha turubai. Mdogo wangu hakuwa amewahi kumpelekea gari. Alikuwa akitengenezea Mombasa, haraka haraka, kabla ya kupakia safari ya kurudi au kabla ya jua kuzama, na mafundi wa huko walipoambiwa inagonga nyuma walibadilisha kile ambacho kwa kawaida hugonga nyuma. Shoki. Bushi. Hakuna aliyekaa ndani ya gari akasikiliza.

Huyu mzee hakushika spana kwa nusu saa nzima. Aliuliza. Inalia injini ikiwa inanguruma na gari limesimama? Ukikata kona, inabadilika? Ukigusa breki kidogo inanyamaza? Maana kama inanyamaza kwa breki, tutafute kwenye breki. Kama inalia gari limesimama, tutafute kwenye injini na paipu ya moshi. Kama ni kwenye mashimo tu, tutafute chini. Mdogo wangu alijibu kila swali bila kusita. Nikagundua kwamba majibu hayo yote alikuwa nayo siku nyingi, na mimi swali langu lilikuwa moja tu: ngapi?

Kisha fundi akasema, "Kelele hazitembei peke yake. Kwanza tuondoe zile ndogo, ndiyo tuisikie kubwa."

Tukamwaga kila kitu kutoka kwenye kebini. Jeki ya gari na mkono wake uliolegea. Spana tatu. Chupa ya soda. Sarafu kwenye kisahani cha majivu. Panga. Kiatu kimoja cha mtoto wangu kilichopotea Desemba. Tukaendesha, bado. Minyororo ya mlango wa nyuma ikafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tukaendesha. Pungufu, lakini bado. Akainama chini gari likiwa limesimama, akamwambia mdogo wangu akanyage mafuta polepole, na kwenye mwendo fulani kikasikika kitu kikilia ting-ting-ting kama kijiko kwenye glasi. Lilikuwa bati jembamba linalozuia moto wa paipu ya moshi usipande kwenye sakafu; kutu ilikuwa imekula boliti yake moja. Akalikaza kwa klipu ya paipu ya maji. Shilingi 50.

"Hiyo ni ya pili," akasema. "Sasa twende tukaitafute yenyewe."

Alitaka mtu alale nyuma kwenye bodi, sikio likiwa kwenye chuma, na aseme sauti inatoka wapi. Yeye mgongo hauruhusu. Nikapanda mimi. Mhasibu, na kanga ya mama kichwani, nimelala kifudifudi kwenye pikapu inayonuka kabichi, wanafunzi wa shule wakinipungia mkono. Tulipoingia barabara ya vumbi kelele ikaja, na safari hii sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwa meno. Nikapiga bodi upande wa kulia. "Ni hapa! Kulia!"

Gari likasimama. Mdogo wangu akateremka na simu yangu mkononi, niliyokuwa nimeiacha kwenye dashibodi. Ilikuwa ikiita.

"Unapigiwa," akasema.

Kwenye kioo kulikuwa na jina nililolihifadhi mwenyewe: Mnunuzi Pikapu.

Niliacha iite hadi ikanyamaza. Yeye alikuwa amesharudi kwenye usukani.

*

Haikuwa kulia. Fundi alieleza baadaye kwamba chuma hubeba sauti kama waya unavyobeba umeme. Inagonga huku, inatokea kule, ndiyo maana yeye haamini sikio kabla ya kutia mkono. Aliinua gari nyuma, akaweka mawe chini ya chesisi, akaanza kusukuma kila kitu kwa mtaimbo. Upande wa kulia ulikuwa imara. Upande wa kushoto alisimama akaniita.

"Ona hapa. Unaona huu unga?"

Pale springi inapokalia ekseli kulikuwa na unga mwekundu, laini kama bizari. Ni kutu inayosagwa, akasema. Chuma mbili zinazosuguana kila siku hutoa unga huo. Na kando yake palikuwa na mstari uliong'aa kama shilingi mpya, mahali ambapo ekseli ilikuwa ikiteleza mbele na nyuma. Akashika nati ya yubolti, ile boliti iliyopindwa inayofunga springi na ekseli pamoja. Akaizungusha kwa vidole. Vidole vitupu. Ikazunguka.

Kisha akazifungua zote, na ile boliti ya katikati inayoshikilia chuma za springi pamoja ikatoka vipande viwili.

Gari likiwa na mzigo, alisema, uzito unagandamiza springi juu ya ekseli, kila kitu kinakaa mahali pake. Mzigo ukiisha, springi inapumua, ekseli inapata nafasi ya kucheza. Nikamwuliza ingekuwaje kama tungeendelea. Hakutaka kunitisha, lakini alinyoosha mkono kuelekea milimani, kwenye zile kona. "Ekseli ikihama upande mmoja, gari halifuati usukani tena. Unakata kulia, lenyewe linaenda linakotaka."

Halafu akauliza swali ambalo nilijua linakuja. "Nani aliongeza hizi chuma?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ukiongeza chuma, springi inanenepa. Lazima yubolti ziwe ndefu zaidi. Hizi ni zile za zamani. Nati imeshika nyuzi tatu tu. Na hakuna aliyerudi kuzikaza."

Nilikuwa na daftari kwenye mkoba. Sikuwa na haja ya kulifungua, lakini nilifungua. Kurasa za nyuma kidogo, siku springi zilipoongezwa, kwa mwandiko wangu: Yubolti mpya ndefu, 2,800. Na mbele yake, kwa kalamu nyekundu: hapana, watumie zilezile. Nilikumbuka simu yenyewe. Mdogo wangu alisema fundi anasema ni lazima, nami nikamjibu kwamba kwa mafundi kila kitu ni lazima.

Nikampa daftari asome. Alisoma ukurasa huo, kisha akarudi kurasa zingine, polepole, akiona jina lake na zile alama za kuuliza nilizoweka pembeni. Alipofika kwenye bushi akasimama.

"Hii bushi haikuwa 4,500," akasema. "Ilikuwa 3,000. Ile 1,500 nilimnunulia mama dawa ya presha. Ulikuwa umesema mwezi huo huna."

Sikujua niweke wapi macho. Nilikuwa nimetafuta wizi kwa miezi saba na hatimaye nimeupata, shilingi 1,500, na ulikuwa na uso wa mama yangu.

"Ungeniambia tu," nikasema.

"Na wewe ungeniambia tu," akasema. Alikuwa anaongelea simu.

Fundi alijifanya anatafuta spana.

*

Tuliweka yubolti mpya ndefu pande zote mbili na boliti mpya za katikati, na tukapunguza chuma moja kila upande. Sasa inabeba magunia machache kuliko nilivyotaka. Fundi alichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma iliyo karibu nayo. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka. Akatuambia tuende safari mbili, turudi azikaze tena, maana chuma mpya hukaa. Tulirudi. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo, kama alivyosema.

Mtu wa Athi River nilimpigia nikiwa bado Mwatate, mbele ya mdogo wangu, nikamwambia gari haliuzwi. Alikasirika, na alikuwa na haki.

Mambo hayakuwa sukari baada ya hapo. Kuna Jumapili ambazo pesa huchelewa na mkono wangu huenda kwenye simu kabla sijafikiri. Lakini swali la kwanza nililojifunza kwa yule mzee najitahidi kulitanguliza: inalia lini? Ngapi huja baadaye. Naye kila wikendi hunitumia picha ya nati nane, mstari mweupe umenyooka. Sikumwomba.

Aliyelalamika ni mama. Wiki moja baada ya matengenezo alinipigia saa tano usiku, sauti yake ina wasiwasi. Mdogo wako hajafika, alisema. Nikampigia mdogo wangu. Alikuwa jikoni, anakula, amefika kitambo.

"Sasa mimi nitajuaje amerudi?" mama akasema. "Gari siku hizi linapita kona ya kanisa kama mwizi."

Siku hizi akifika hapo anapiga honi, mara moja, fupi. Majirani wamelalamika. Tumewaomba wavumilie.